Kutafuta nafasi ya field: maswali ambayo wanafunzi huniuliza kila mwaka

Nimekaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza, katika ofisi ya utumishi ya halmashauri moja, nikipokea barua za wanafunzi wanaoomba nafasi. Maswali ni yale yale kila mwaka, yanaulizwa getini, kwenye simu, na wakati mwingine msibani. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine bila mimi kurudia.

## Kabla hujaandika chochote

1. Field, PT, uzoefu kazini, kujitolea: si kitu kimoja?

Hapana, na ukichanganya majina barua yako inaingia kwenye jalada lisilo lake. Field (vyuo vingine huita PT au IPT, na kwenye karatasi rasmi ni "mafunzo kwa vitendo") ni ya mtu ambaye bado yuko chuoni. Ina alama, ina msimamizi kutoka chuoni, ina tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Majirani zetu Kenya huiita atachimenti.

Mafunzo ya uzoefu kazini ni ya aliyekwisha hitimu. Hapa Tanzania huratibiwa na TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira. Uanagenzi ni kujifunza ufundi huku ukifanya kazi karakanani au kiwandani. Kujitolea ni mapatano kati yako na ofisi. Ukiwa mwaka wa pili, andika "mafunzo kwa vitendo" na usiongeze kitu.

2. Nianze kutafuta lini?

Kwa wanafunzi wengi wa shahada field huangukia kati ya Julai na Oktoba, mara nyingi wiki nane. Barua iwe imefika Februari au Machi. Aprili bado unaweza kubahatisha. Mei, ofisi za mijini zimejaa, na Juni usimtegemee mtu yeyote kusoma barua yako: mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa Juni 30 na kila mtu anahangaika na malipo yasiyokamilika.

Wanafunzi wa uhasibu wana bahati ya msimu. Hesabu za mwaka zinatakiwa zimfikie Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kufikia Septemba 30, kwa hiyo kipindi cha field kinaangukia palepale ofisi inapohitaji mikono ya kutafuta vocha (hati za malipo) zilizopotea na kulinganisha hesabu za benki. Liseme hilo kwenye barua. Sijui kwa nini wengi wanaliacha.

3. Niombe wapi?

Ushauri wangu wengi hawaupendi: nenda wilayani. Kwenye ofisi kubwa za Dar es Salaam na Dodoma nimeona wanafunzi saba wakigombania viti viwili, wanaomaliza wiki nane wakiwa wamekaa kwenye korido na simu. Kwenye halmashauri ndogo yenye mhasibu mmoja na nusu, siku ya tatu unapewa jalada uandike.

Hesabu lakini gharama. Mahali penye ndugu wa kukupa kitanda panaweza kukufaa kuliko penye jina kubwa. Na fikiria sehemu ambazo wenzako wanazisahau: mamlaka za maji, RUWASA (maji vijijini), TARURA (barabara za vijijini na mijini), SACCOS, vyama vya ushirika, karakana za mkoa, ofisi za mawakili, shule zenye maabara.

4. Hela ya field inatoka wapi? Ofisi itanilipa?

Kama una mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo), angalia kwenye SIPA, akaunti yako ya mkopo mtandaoni, kama umepangiwa kipengele cha mafunzo kwa vitendo. Kwa miaka mingi mwongozo wa Bodi ulikuwa shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Soma mwongozo wa mwaka wako, usitegemee wa kaka yako.

Ofisi nyingi hazilipi. Chache hutoa nauli au chakula cha mchana. Usiulize kwenye barua, uliza ukishakubaliwa. Na uwe na akiba ya wiki mbili za mwanzo, kwa sababu nauli ya daladala haisubiri hela iingie.

## Barua

5. Chuo kimenipa barua ya utambulisho. Haitoshi?

Haitoshi. Barua ile inasema wewe ni mwanafunzi halali, na wenzako mia tatu wanayo hiyohiyo, limebadilika jina tu. Haisemi unataka idara gani wala unajua nini. Andika yako, ya ukurasa mmoja, kisha ambatisha ya chuo nyuma.

6. Namwandikia nani?

Mkuu wa taasisi, hata kama unamjua mtu wa chini yake. Halmashauri ni Mkurugenzi (wa Jiji, Manispaa, Mji, au Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya). Ofisi ya mkoa ni Katibu Tawala wa Mkoa, na wizara ni Katibu Mkuu. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mganga Mfawidhi. Kampuni binafsi ni Meneja Rasilimali Watu au Mkurugenzi.

Kila mwaka kuna wanaomwandikia Mkuu wa Wilaya wakitaka nafasi ya halmashauri. Hizo ni ofisi mbili tofauti, wakati mwingine zimetenganishwa na barabara tu, lakini barua inaweza kuchukua wiki tatu kuivuka.

7. Barua yenyewe niiandikeje?

Kwanza nikuonyeshe ile ninayoipokea:

*"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 22 na akili timamu, mwanafunzi wa chuo tajwa hapo juu. Naomba nafasi ya field katika ofisi yako tukufu. Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litapokelewa kwa mikono miwili."*

Ina adabu, haina kosa la tahajia, na haijasema kitu. Anayeisoma ana maswali matatu kichwani: huyu atakaa wapi, nani atamsimamia, na ataondoka lini. GPA yako inakuja nyuma sana ya hayo. Sasa soma hii:

*"YAH: MAOMBI YA MAFUNZO KWA VITENDO, KITENGO CHA USIMAMIZI WA UNUNUZI, JULAI 20 – SEPTEMBA 11, 2026*

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Shahada ya Ununuzi na Ugavi. Naomba nafasi katika Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kwa wiki nane, kuanzia Jumatatu Julai 20 hadi Ijumaa Septemba 11, 2026.*

*Chuoni nimesoma utunzaji wa stoo na uandaaji wa zabuni. Kwa likizo mbili nimetunza leja ya stoo ya duka la vifaa vya ujenzi la familia yetu, kwa daftari na baadaye kwa Excel. Naweza kusaidia kuhesabu mali na kupanga majalada ya zabuni, na ningependa kujifunza jinsi kitengo kinavyotumia mfumo wa NeST.*

*Nitaishi kwa mama mdogo hapa mjini. Msimamizi wa chuo atanitembelea mara moja katika kipindi hicho. Nimeambatisha barua ya utambulisho, wasifu na nakala ya kitambulisho."*

Angalia inavyofanya kazi. Kitengo kimetajwa, kwa hiyo najua pa kuipeleka. Tarehe zipo, tena na siku za wiki, kwa hiyo naziingiza moja kwa moja kwenye orodha. Duka la familia ni dogo, lakini aliyehesabu misumari kwa kilo anaweza kuhesabu viti vya ofisi. NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, ilichukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Anayeitaja ameonyesha kwamba anafuata kinachoendelea kwenye fani yake. Na lile la mama mdogo linaniondolea wasiwasi wa mtoto wa watu kulala wapi.

Kama fani yako ni nyingine, tafuta kitu kinacholingana: mfumo unaotumika, msimu wa kazi, kifaa unachokifahamu. Sentensi moja ya namna hiyo inatosha.

8. Kiswahili au Kiingereza?

Ofisi za Serikali, Kiswahili. Kampuni au shirika lililotangaza kwa Kiingereza, Kiingereza. Usichanganye lugha ndani ya barua moja.

## CV

9. Sina uzoefu wowote. Niandike nini?

Swali hili ndilo linaloongoza, na karibu kila anayeuliza anao uzoefu ambao hauiti kwa jina hilo. Ulishakaa kwenye kibanda cha uwakala wa fedha? Ulishakuwa katibu wa kikoba cha mama yako kwa sababu wewe ndiye unayeandika vizuri? Mweka hazina wa kwaya? Kiranja wa stoo ya shule? Ulisimamia vibarua watatu kwenye palizi?

Kinachokosekana ni namna ya kuandika. "Nimewahi kufanya biashara" haina maana kwa msomaji. Jaribu hivi:

*"Wakala wa fedha kwa simu, Juni–Septemba 2025. Nilihudumia wateja, nilifunga hesabu ya floti na fedha taslimu kila jioni, na niliandika miamala iliyokosewa pamoja na namna ilivyorekebishwa."*

Hapo kuna kazi, muda, na tabia ya kufunga hesabu, ambayo mkuu wa idara ya fedha angelipa kuinunua. Miradi ya chuoni nayo ni uzoefu, ilimradi useme wewe ulifanya nini, si kikundi.

Usitie chumvi. Tulimpokea binti mmoja ambaye CV yake ilisema ni mahiri wa Excel. Siku ya pili akapewa orodha ya posho ajumlishe. Akatoa simu, akajumlisha kwa kikokotoo namba moja moja, kisha akaandika jibu chini ya safu. Jibu lilikuwa sahihi! Lakini kuanzia hapo hakuna aliyeamini mistari mingine ya CV ile, na ilikuwa na mambo mengi ya kweli.

10. Kurasa ngapi? Picha? Dini na kabila?

Ukurasa mmoja unatosha mwanafunzi, miwili ni mwisho. Picha weka kama tangazo limeitaka. Dini, kabila na hali ya ndoa havihitajiki. Wadhamini wawili wanatosha, ila waambie kwanza, nimewahi kupiga simu mdhamini akaniuliza, "Huyo ni nani?"

Barua pepe iwe na jina lako. Ile ya "mtoto wa town" uliyofungua kidato cha pili, waachie rafiki zako.

11. Naweza kuiachia akili mnemba (AI) iniandikie barua na CV?

Ikusaidie kukagua tahajia na mpangilio, sawa. Ikiandika yote, inaandika kwa kila mtu vilevile. Nimepokea kwa siku moja barua tatu za vyuo vitatu tofauti zenye sentensi ya kwanza ileile, hata mkato ulikaa palepale. Hatari kubwa zaidi ni kwamba huwa inakusifia ujuzi usio nao, na kwenye usaili anayeulizwa ni wewe (tazama swali la 16).

## Kupeleka na kufuatilia

12. Barua naipeleka kwa nani hasa?

Masijala, yaani ofisi inayopokea na kusajili barua. Hapo ndipo maombi mengi yanapookoka au yanapofia, na chuoni hakuna anayefundisha.

Nenda na nakala mbili. Moja unaiacha, nyingine mhudumu wa masijala anaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kukurudishia. Usiondoke bila muhuri huo. Baada ya hapo barua inawekwa kwenye jalada, inapewa namba, inapanda kwa mkurugenzi, naye anaandika maelekezo pembeni kwa kalamu, inashuka utumishi, halafu inakwenda kwenye idara uliyoiomba kuulizwa kama kuna nafasi. Wiki mbili ni kawaida. Ndiyo maana ukimpa barua mkononi afisa unayemfahamu, inabaki kwenye droo yake: haina namba, kwa hiyo kiofisi haipo.

Mambo madogo yenye uzito. Mlinzi getini ni mtu wa kwanza kukuhoji, msalimie na jieleze vizuri. Mwenye umri wa wazazi wako mpe shikamoo, hata kama ndiye anayefagia. Vaa kama unayekuja kazini. Na usifike saa nane na nusu mchana ukitegemea kumkuta mwenye muhuri.

Taasisi nyingine siku hizi hupokea maombi kwa mtandao tu. Soma tovuti yao kabla ya kupanda basi.

13. Nikipiga simu kufuatilia si nitaonekana msumbufu?

Mara moja baada ya siku kumi si usumbufu. Usumbufu ni hii: "Niaje bosi, ile ishu yangu imefikia wapi?"

Jaribu hivi: "Shikamoo mama. Naitwa fulani, mwanafunzi wa ununuzi na ugavi. Nilileta barua ya field masijala Machi 4, ikagongwa muhuri. Naomba kujua iko idara gani kwa sasa, au nipige tena lini." Ukiwa na tarehe, mtu anafungua rejista na kukujibu kwa dakika mbili. Bila tarehe atakuambia barua inafanyiwa kazi, jibu ambalo tunalo tayari mdomoni.

14. Nina mjomba anafanya kazi pale. Nimtumie?

Mtumie kwa habari: idara ipi ina nafasi, nani anasimamia wanafunzi vizuri, mwaka jana waliwapokea wangapi. Barua ipite masijala kama ya wengine. Mwanafunzi aliyeingia kwa mlango wa mjomba hupata msimamizi anayemwogopa mjomba, na msimamizi wa hivyo hakusahihishi unapokosea.

15. Nimeambiwa nitoe hela kidogo, au "tuonane kwanza" nje ya ofisi.

Usitoe na usiende. Nafasi ya field haina ada kwa afisa. Kuna taasisi, hasa za afya, zinazotoza wanafunzi ada rasmi, lakini hiyo hulipwa kwa namba ya malipo na unapata risiti.

Kudai ngono ili upewe nafasi ni rushwa kwa mujibu wa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe, mwambie mratibu wa field chuoni, piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Na tafuta ofisi nyingine. Hiyo hata wakikupa, wiki nane ni nyingi.

## Usaili

16. Kuna usaili kweli kwa ajili ya field?

Mara nyingi ni maongezi ya dakika kumi, na kampuni chache hufanya usaili kamili. Utaulizwa kwa nini hapa, umesoma nini muhula uliopita, na ukiwa na siku moja huru utataka uone nini ofisini. Hilo la mwisho ndilo linalowakwamisha. Wengi hujibu "chochote tu." Sema kitu kimoja: ningependa kuona vocha inavyosafiri kutoka kuombwa mpaka kulipwa. Kila ulichoandika kwenye CV uwe tayari kukieleza kwa mfano.

Hujui jibu? Sema hujui, useme na ungelitafuta wapi.

## Yasiyo ya kawaida

17. Nimekubaliwa sehemu mbili.

Chagua ndani ya siku tatu na uandikie ile nyingine barua ya mistari minne ya kushukuru na kuachia nafasi. Ukikaa kimya, kiti chako kinabaki wazi wakati mwenzako yuko kwenye swali la 18. Na maafisa utumishi huhamishwa. Unaweza kumkuta yule yule wilaya nyingine ukiwa na cheti mkononi.

18. Zimebaki wiki mbili na sijapata pa kwenda.

Mjulishe mratibu wa chuo leo, maana baadhi wana orodha ya ofisi zilizobaki na nafasi. Kisha nenda mwenyewe kwa miguu kwenye sehemu zile za mwisho wa swali la 3, barua ikiwa tayari ina tarehe. Waliokubaliwa na kutotokea ni wengi kuliko unavyodhani, na wiki ya kwanza ya field viti vinafunguka.

19. Nimefika, lakini kazi ni fotokopi na chai.

Siku tatu za mwanzo, vumilia. Kila ofisi inakupima. Wiki ya pili mwendee msimamizi na ombi lenye umbo: "Naomba Jumatano na Alhamisi nikae na dada wa stoo, logibuku langu (daftari la kumbukumbu za field) linahitaji nijifunze kupokea vifaa." Likishindikana, mwambie msimamizi wa chuo kabla hajaja, si siku anayokuja.

Hata fotokopi ina cha kusoma, lakini. Nani anaomba nakala, ngapi, na zinakwenda wapi? Huo ndio mzunguko wa nyaraka ulioufanyia mtihani.

20. Nina ulemavu, au nanyonyesha. Niseme kwenye barua?

Hulazimiki. Ila kama unahitaji kitu ili ufanye kazi, kama ofisi ya chini kwa sababu jengo lina ngazi tu, au saa ya kutoka kwenda kunyonyesha, kiseme mara tu ukikubaliwa na kabla ya siku ya kwanza. Liseme kama hitaji, moja kwa moja, bila kuomba radhi. Kupanga meza upya wiki mbili kabla ni rahisi. Asubuhi ya Jumatatu ni vurugu.

21. Nikimaliza niondoke na nini?

Barua ya kuthibitisha kwamba ulikuwepo, yenye tarehe na kazi ulizofanya. Jina na namba ya mtu mmoja aliyekubali kuwa mdhamini wako. Mistari mitano mipya ya CV, iandike jioni hiyohiyo kabla hujasahau namba na majina ya mifumo.

Na logibuku lenye sahihi na muhuri kila wiki. Usilisubirishe mpaka Ijumaa ya mwisho, kwa sababu mwenye muhuri Ijumaa mchana ameshakwenda benki.